Miwani ya VR: Dola 299 za Marekani ni Ngapi Sangailu?

Oktoba 15, 2024 kampuni ya Meta ilianza kuuza miwani ya uhalisia pepe ya Quest 3S kwa dola 299.99. Wachezaji wa gemu Marekani na Ulaya waliipokea kwa shangwe. Mwaka mmoja kabla, Quest 3 ilikuwa imetoka kwa dola 499.99 na wengi wakaiona ghali. Sasa palikuwa na ndugu yake mdogo mwenye chipu ileile, lenzi za kizazi cha nyuma, na uwezo wa kucheza gemu zilezile. Kwa kiwango cha fedha cha siku hizo, shilingi 129 za Kenya kwa dola, bei ya Quest 3S ni kama shilingi 38,700.

Hapo ndipo hesabu ya mchezaji wa Sangailu inapoanza.

Sangailu ni wadi ya eneobunge la Ijara, Kaunti ya Garissa, upande wa msitu wa Boni na mpaka wa Somalia. Wakazi wengi ni wafugaji wa Kisomali, na kwenye msitu wenyewe wapo Waaweer, ambao majirani huwaita Waboni. Tangu Septemba 2015, serikali ilipoanzisha Operesheni Linda Boni dhidi ya Al-Shabaab, eneo hili likitajwa kwenye habari aghalabu ni kwa sababu ya vilipuzi, doria au ukame. Msomaji anaweza kushangaa kulikuta kwenye makala ya gemu. Hapana cha kushangaza. Kijana wa Ijara mwenye simu hucheza yaleyale yanayochezwa Kisumu na Tanga: kandanda ya eFootball ambayo Konami huitoa bure tangu 2021, PUBG Mobile, Free Fire, Call of Duty ya simu. Wazee wake wana shax, mchezo wa Kisomali wa vijiwe kwenye mistari iliyochorwa mchangani, wenye mbinu nyingi na usiogharimu hata senti. Kupenda mchezo ni jambo la siku zote huku. Linalobadilika ni bei ya kiingilio.

Tuanze na shilingi yenyewe. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na Quest 3 ilikuwa sawa na shilingi 80,000 kabla ya nauli na kodi. Mwezi uliofuata serikali ilikopa upya kwenye masoko ya nje ili kulipa hatifungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni, hofu ya wawekezaji ikatulia, shilingi ikapata nguvu. Kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa imerudi kwenye 129 hivi, na miwani ileile ikawa shilingi 64,500. Shilingi 15,500 ziliondoka kwenye bei bila Meta kugusa chochote. Mchezaji wa Chicago husubiri msimu wa punguzo madukani. Wa Garissa hana budi kuisoma Benki Kuu.

Kisha kuna mpaka. Kenya haimo katika nchi ambazo Meta huuza miwani hii rasmi, kwa hiyo huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni mfanyabiashara wa Nairobi, wa Luthuli Avenue au Eastleigh, anayeagiza kutoka Dubai. Yeye hulipa ushuru wa forodha, ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, na VAT ya asilimia 16 inayopigwa juu ya thamani pamoja na nauli na ushuru, yaani kodi juu ya kodi. Akiongeza faida yake, zile 38,700 zinabaki kuwa kumbukumbu. Njia ya pili ni ndugu anayerudi kutoka Minneapolis au Dubai na miwani kwenye sanduku. Novemba 2023 Mamlaka ya Ushuru, KRA, iliwakumbusha wasafiri kwamba bidhaa zenye thamani ya zaidi ya dola 500 zilipaswa kulipiwa ushuru hata kama ni za matumizi binafsi, na nchi nzima ikalalamika. Quest 3 ilikuwa imetoka mwezi mmoja tu kabla, kwa dola 499.99. Ilipenya kwa senti moja, mradi msafiri asiwe amebeba kitu kingine chochote.

Na ikishafika, imefika bila dhamana. Padi ikigoma, hakuna kituo cha kuipeleka. Hili halionekani kwenye bei iliyoandikwa, lakini kwa mtu aliyekusanya fedha kwa mwaka mzima ndilo jambo la kwanza analolifikiria, na anafanya vyema kulifikiria.

Kizuizi kinachoudhi zaidi hakihusiani na fedha. Ni akaunti. Sony huuza PlayStation kote duniani, lakini kusini mwa Sahara ni Afrika Kusini peke yake iliyo katika nchi zinazoruhusiwa kufungua akaunti ya mtandao wake. Wakenya wenye PlayStation, na ni wengi mno, hujisajili kama wakazi wa Marekani au Uingereza na kununua kadi za zawadi za nchi hizo ili wapate gemu. Mei 2024 mambo haya yalifika hadharani. Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta watalazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation, na gemu hiyo ikaondolewa sokoni kwenye duka la Steam katika nchi na maeneo 177 ambako akaunti hizo hazipatikani. Watu waliokwisha kulipa waliona mlango ukifungwa. Ghadhabu ya wachezaji duniani ilikuwa kubwa kiasi kwamba katika siku chache Sony iliacha mpango wa kuunganisha akaunti. Ushindi ulikuwa wa kweli, lakini ulipatikana kwa sababu wachezaji wa nchi tajiri waliudhika pia. Kero ya akaunti imekuwapo Kenya kwa miaka mingi bila mtu wa Tokyo kusumbuka.

Kampuni hizi zimekuwa zikiyumba kuhusu bei kwa namna inayomfanya mnunuzi wa mbali asijue lini aruke. Quest 2 ilitoka Oktoba 2020 kwa dola 299. Agosti 2022, ikiwa na umri wa karibu miaka miwili, Meta iliiongeza bei kwa dola 100, jambo lililokuwa geni katika biashara ambayo kifaa kikizeeka hushuka. Tangu hapo ugeni huo umekuwa desturi: PlayStation 5 iliyoanza kwa dola 499 mwaka 2020 ilifikishwa dola 549.99 Marekani Agosti 2025, na Xbox Series X ikapandishwa mara mbili katika mwaka huohuo. Sony nayo iliuza miwani yake, PlayStation VR2, kwa dola 549.99 kuanzia Februari 2023, yaani ghali kuliko mashine ya kuichomekea. Ilichukua miaka miwili kuikubali hesabu mbaya hiyo na kuishusha hadi dola 399.99. Apple ilikuja Februari 2024 na Vision Pro ya dola 3,499, zaidi ya shilingi 450,000. Kwa mchezaji wa gemu popote pale, hiyo ya mwisho tunaweza kuipita.

Lakini Quest inastahili kutazamwa kwa makini kutoka Sangailu, kwa sababu ambayo watengenezaji wake hawakuikusudia. Inafaa mahali pasipo na umeme wa gridi.

PlayStation 5 ikiwa kazini hula takriban wati 200, na bado kuna runinga. Ukitaka kuiendesha kwa sola unahitaji paneli kadhaa, betri kubwa na kibadilisha umeme. Quest 3 ina skrini, chipu na betri yake ndani, na betri hiyo hubeba kiasi cha wati-saa 19, ambazo mfumo mdogo wa sola wa nyumbani unaweza kuzijaza. Inadumu kama saa mbili za mchezo. Kaunti ya Garissa ina mtambo wa sola wa megawati 50 uliozinduliwa Desemba 2019, lakini umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa, na gridi haifiki kila kijiji. Kwa sababu hiyo kaunti imo pia katika 14 za mradi wa sola nje ya gridi, KOSAP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2017. Katika mazingira kama hayo, mashine inayotosheka na paneli ya juu ya bati ina mantiki kuliko ile ya sebuleni. Haya hayasemwi kwenye uhakiki wowote wa Marekani, kwa kuwa mhakiki wa Marekani hajawahi kulazimika kuuliza gemu inakula wati ngapi.

Jua lilelile, hata hivyo, ni adui pia. Lenzi za miwani hukusanya miale; ukiiacha dirishani ikielekea jua kwa muda mfupi tu, skrini ya ndani huungua na doa halitoki tena. Joto nalo lina mpaka. Sony inapendekeza PlayStation 5 itumike kwenye nyuzi 5 hadi 35, na mji wa Garissa huipita 35 mchana kwa wiki nzima kabla ya mvua za masika. Mwenye kibanda cha gemu anajua tayari: zamu nzuri ni baada ya magharibi.

Tukija kwenye gemu zenyewe, miaka miwili iliyopita imeleta mgawanyiko wa kuvutia. Upande mmoja bei zinapaa. Nintendo iliiuza Mario Kart World, Juni 2025, kwa dola 79.99, zaidi ya shilingi 10,000 kwa gemu moja. Upande wa pili zimekuja kazi bora kwa bei ya chini. Clair Obscur: Expedition 33 ya studio ndogo ya Montpellier, Ufaransa, ilitoka Aprili 2025 kwa dola 49.99 na mwisho wa mwaka ikatwaa tuzo ya gemu bora. Hollow Knight: Silksong, iliyotengenezwa Adelaide na watu wanaohesabika kwa vidole, ilitoka Septemba 4, 2025 kwa dola 19.99, na wanunuzi wakawa wengi hadi maduka ya mtandaoni yakakwama. Shilingi 2,600 hivi kwa makumi ya saa za mchezo: hakuna burudani ya kulipia Garissa inayoweza kushindana na thamani hiyo, na mchezaji anayesema gemu za dola 80 hazina sababu ya kuwa dola 80 ameipata hoja yake hapo.

Uzito wa faili nao ni bei. Gemu kubwa za Call of Duty kwenye mashine za nyumbani hupita GB 100. Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilipoleta Kenya, mwaka 2024, kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300, ilifungua mlango kwa watu wa mashambani ambao waya haukuwafikia. Hata hivyo gemu moja kama hiyo inamaliza vifurushi viwili kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza, mbali na gharama ya sahani. Mtandao wa simu una hatari zake. Milingoti ya mawasiliano katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera imeshambuliwa na Al-Shabaab mara nyingi, na mlingoti ukianguka hakuna gemu, hakuna M-Pesa, na hakuna kumpigia daktari. Gemu ndogo inayochezwa bila mtandao ni gemu inayomheshimu mtu wa Sangailu na jirani yake wa Hulugho, hata kama aliyeitengeneza hakuwahi kusikia majina hayo.

Na zile gemu zilizowahi kulisikia eneo hili zimelitumiaje? Swali hili linastahili muda, kwa sababu ndilo linalouma.

Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalivuka mpaka na kuingia Somalia. Novemba 8, wiki tatu hivi baadaye, Call of Duty: Modern Warfare 3 ilianza kuuzwa duniani, ikiwa na sura inayochezwa Bosaso, Somalia, ambapo mchezaji hupita vichochoroni akiwaangusha Wasomali wenye bunduki kwa makumi. Miaka minane kabla, mwaka 2003, kampuni ya NovaLogic ilikuwa imetoa Delta Force: Black Hawk Down, ikihusu vita vya Mogadishu vya Oktoba 1993, vilivyoua wanajeshi 18 wa Marekani na mamia ya Wasomali. Ungedhani simulizi hiyo imechoka. Haikuchoka. Februari 21, 2025, studio ya Team Jade iliyo chini ya Tencent ya China ilitoa upya kisa hichohicho kama sehemu ya Delta Force mpya, kwa picha zinazokaribia filamu, tena bure kwenye kompyuta.

Kijana wa Kisomali wa Ijara anaweza kuipakua bila kulipa. Anapewa viatu vya mwanajeshi wa Marekani na kuambiwa apite katika mitaa ambamo kila anayemlenga ana sura ya binamu yake, anapiga kelele kwa lugha ya nyumbani kwao, na hana jina. Hapewi nafasi ya kuwa mwenye duka aliyefunga mlango wake siku hiyo, wala mama aliyekuwa akitafuta watoto. Gemu zimeweza kueleza vita kwa macho ya raia: This War of Mine ya Poland, ya mwaka 2014, ilimweka mchezaji ndani ya nyumba ya raia waliozingirwa, ikichota kwenye kuzingirwa kwa Sarajevo, na ikafanikiwa sana sokoni. Kwa hiyo si kwamba ufundi haupo. Ni uamuzi kuhusu nani ana hadithi na nani ni shabaha. Uamuzi huo ni mbaya, na ubora wa picha unauzidishia ubaya.

Miwani ya VR yenyewe iliwahi kutumika kwa jicho la namna hiyo, la kuwatazama watu kutoka mbali, ingawa kwa nia njema. Januari 2015 Umoja wa Mataifa ulionyesha mjini Davos filamu ya Clouds Over Sidra, inayomzungushia mtazamaji maisha ya msichana wa Syria mwenye miaka 12 katika kambi ya Zaatari, Jordan. Viongozi walivaa miwani wakageuza vichwa huku na huku wakiitazama kambi. Filamu ilifaulu kuchangisha, na mashirika mengi yakafuata mtindo. Kaunti ya Garissa ina kambi zake, za Dadaab, tangu 1991, na watoto waliozaliwa humo sasa ni wazazi. Miaka kumi baada ya Davos, miwani ya Meta, ya aina iliyotumika kuwaonyesha matajiri jinsi wakimbizi wanavyoishi, bado haiuzwi rasmi katika nchi yenye kambi kama hizo.

Meta inaijua Kenya vizuri tu kwa shughuli nyingine. Kwa miaka kadhaa hadi 2023, vijana waliokuwa wameajiriwa na kampuni ya Sama jijini Nairobi waliichujia Facebook video na maandishi ya ukatili, kwa lugha za Afrika zikiwemo Kisomali na Kiswahili. Ujira na maumivu yao ya akili yalifika kwenye jarida la Time Februari 2022 na mahakamani Nairobi miezi mitatu baadaye, kwa kesi ya Daniel Motaung, mmoja wao. Kitengo cha Meta kinachotengeneza miwani, Reality Labs, kilipata hasara ya dola bilioni 17.7 mwaka 2024 pekee. Kampuni iliyoweza kubeba hasara hiyo ili kumpunguzia bei mnunuzi wa Ohio haiwezi kusema kwamba kufungua duka la Nairobi ni gharama isiyobebeka. Inachoweza kusema ni kwamba haijaona haja.

Mfano mzuri wa gemu inayowapa Waafrika hadithi ulitoka kwingine. Aprili 23, 2024, Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya aliyempa sauti Bayek katika Assassin's Creed Origins, alitoa gemu yake mwenyewe, Tales of Kenzera: Zau, kwa dola 19.99. Ndani yake mganga kijana anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba yake. Salim aliitengeneza akimwombolezea baba yake mzazi. Masimulizi ya Kibantu yamekaa humo kama kiini cha mchezo, na mapigano yenyewe ni ngoma ya barakoa mbili, ya jua na ya mwezi. Mauzo hayakuwa makubwa, na studio yake ya Surgent ililazimika kupunguza wafanyakazi mwaka huohuo. Bado ni ushahidi kwamba mtu anaweza kutoka katika nyumba ya Waafrika Mashariki na kuipeleka huzuni ya nyumba hiyo kwenye PlayStation, Xbox na Switch. Nchi ya swala hirola, anayehifadhiwa na wenyeji pale Ishaqbini, Ijara, na ambaye makazi yake ya asili ni mpaka huu wa Kenya na Somalia, ina hadithi za kutosha gemu kumi.

Miwani moja haihitaji kuwa ya mtu mmoja. Wakenya wengi walioijua PlayStation waliijulia kibandani, kwa kulipia mechi. Tuseme miwani imefika Masalani, hukohuko Ijara, au Garissa mjini kwa shilingi 55,000 baada ya kodi zote, na zamu ya dakika kumi ni shilingi 50. Zamu 1,100 zinarudisha fedha. Kwa zamu kumi kila jioni, ni chini ya miezi minne, na sola inatosha. Mwenye kibanda angeilipia hata leo. Anachokosa ni akaunti ambayo haimlazimishi kudai anaishi California, dhamana inayotambulika Nairobi, na gemu zenye bei ya shilingi. Steam huwauzia Waafrika Kusini kwa randi na Wakenya kwa dola. Google Play inapokea M-Pesa, na ndiyo sababu mojawapo gemu za simu zimeingia hadi Sangailu wakati miwani ingali inasubiriwa Eastleigh.